Ile barua ya kuokoa gharama

Jumapili jioni nilikuwa nafunika madaftari ya huyu binti yangu wa P3, yaani darasa la tatu, shule zinafungua kesho na sisi kama kawaida tumengoja mpaka dakika ya mwisho, dukani karatasi za kaki zimeisha, basi nikavuta sanduku la marehemu mzee chini ya kitanda maana najua mle bahasha kubwa za kaki hazikosekani. Nikapata moja ngumu, safi. Nilikuwa nishaweka mkasi wakati mtoto alipoingiza mkono ndani akatoa karatasi iliyobaki humo, akaanza kusoma mstari wa juu kwa kuunga silabi vile wanavyofundishwa. Akaniuliza, "Daddy, without prejudice ni nini?"

Nikamwambia subiri kwanza nikate.

Wanaonijua wanajua habari ya mguu wa mzee, sirudii yote. Lori lilikuwa linarudi nyuma, likabeba kibanda chake cha mashine ya posho, ya kusaga unga wa mahindi, pamoja na yeye mwenyewe ndani. Hiyo 2013, enzi malori yanalala foleni hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, siku kadhaa, kabla ya hiki kituo cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa rasmi 2018. Kampuni yenye lori siitaji. Tukashtaki, tukadai shilingi za Uganda milioni 46, maana hakimu mkuu mwisho wake ulikuwa 50, ukipita hapo unaenda Mahakama Kuu na loya wetu akasema huko tutazeekea. Usuluhishi ule wa lazima ukafanyika, tukapewa soda, ukashindikana. Halafu kimya.

Barua ikaja Februari 2015. Mimi nimemaliza S6, mwisho wa sekondari, niko vac, ile likizo ndefu ya kusubiri chuo, sina kazi yoyote zaidi ya kulala na kusahihisha Kiingereza cha watu. Karani wa loya aliituma na dereva wa taksi kutoka Tororo, ikafika magharibi, na siku hiyo umeme hakuna. Naiona mpaka leo ile sebule. Mzee kwenye kochi, mguu juu ya stuli, zile nondo za hospitali bado ziko ndani ya mfupa na akikaa vibaya unamsikia anavuta pumzi kwa meno. Mama kwenye mkeka anachambua maharage kwa kupapasa. Mdogo wangu kashika tochi ya simu, mkono umemchoka, mwanga unashuka taratibu mpaka kwa magoti yangu halafu mzee anasema "juu," mwanga unapanda. Na harufu ya unga. Mashine ilikuwa imekufa karibu miaka miwili lakini nguo za mzee zilikuwa bado zinanuka posho, sijui inawezekanaje.

Akasema, soma, msomi.

Nikasoma kwa Kiingereza kwanza, yote, kwa sauti ya redio. Hawakuhitaji, mimi ndo nilihitaji. Halafu nikaanza kutafsiri. Juu kabisa wameandika kwa herufi kubwa, without prejudice save as to costs. Nikafikiri kidogo. Prejudice ni chuki, ni ubaguzi, tulisoma kwenye Literature. "Bila chuki," nikasema. Na save? Save kila mtu anaijua bana, hata simu inakuuliza kama usave namba. Nikasema, "Bila chuki, ili kuokoa gharama."

Mzee akageuza kichwa. "Rudia hapo pa kuokoa."

"Kuokoa gharama, Baba. Yaani wanasema hawana chuki na sisi, wanataka kuokoa gharama."

"Gharama za nani?"

"Zao."

Akanyamaza. Mwanga ukashuka, hakusema juu. Nikaendelea gizani kwa kukumbuka, kwamba watatoa milioni 22 pamoja na gharama zetu za loya mpaka siku hiyo, na tuna siku 21 za kujibu. Mama ndo alikuwa wa kwanza kusema kitu, na hakuinua hata uso kutoka kwa maharage, "Baba fulani, chukua hiyo pesa. Heri nusu shari kuliko shari kamili." Mzee hakumjibu, akaniangalia mimi. Jamani, mzee wangu hakuwahi kuniuliza maoni yangu kuhusu kitu chochote, hata rangi ya mlango. Usiku ule akaniuliza, "Wewe unaonaje?"

Mimi nina miaka 19. Nikamwambia, kama pale soko la Sofia hakuna mtu anayenunua kwa bei ya kwanza, hawa wametaja 22 basi mfukoni wana 40. Na wenyewe wameandika wanaogopa gharama. Tukae.

Akacheka kidogo, akapiga goti lake lile zima. Alifurahi. Hiyo ndo sehemu inayonisumbua, alifurahi kweli.

Sasa kuna jambo ambalo sijawahi kuliandika. Loya alipiga simu. Siku mbili tatu kabla zile 21 hazijaisha, simu ya mzee nilikuwa nayo mimi, niko stendi ya boda, na mnajua simu za Busia, ukisogea hatua kumi inarukia mtandao wa ng'ambo. Akaongea haraka, sauti inakatika, nikasikia "mkipata chini ya hiyo" nikasikia "gharama zao kuanzia hapo," nikasema sawa loya, tumeelewa. Nilienda nyumbani nikamwambia mzee loya amepiga. Nafikiri nilimwambia pia kuhusu gharama. Nikikumbuka vizuri nilimwambia, nikikumbuka tena naona nilisema tu "anauliza tumeamuaje." Mama anasema hakumbuki. Mzee ndo huyo hayupo.

Miaka mitatu ikapita, hakimu akahamishwa, akaja mwingine, faili likapotea likapatikana. Hukumu ikasomwa 2018. Tulishinda! Lakini hasara ya mashine tuliandika milioni 24 na kwa sheria hasara ya namna hiyo lazima uithibitishe kitu kwa kitu, na risiti ya injini ilikuwa kwa jina la mshirika wa mzee aliyefariki zamani, nyingine hatukuwa nazo kabisa. Kilichokubalika ni milioni 4.3. Fidia ya maumivu na mguu, 13.5. Jumla 17.8. Mama akashika mkono wangu, anahesabu na vidole vyangu.

Hapo loya wao akasimama, mpole kabisa, akasema Mheshimiwa kuhusu gharama kuna barua. Akaipitisha juu. Hakimu ndo mara ya kwanza anaiona, na ndivyo inavyotakiwa, haruhusiwi kuijua mpaka amalize kuamua nani kashinda na kwa kiasi gani. Mzee akaitambua kwa mbali, ile nembo, akaniinamia sikioni, "Si ile barua ya kuokoa?"

Nje kwenye benchi loya wetu akatueleza pole pole, rolex ya chapati na mayai mkononi. Save hapo si kuokoa. Ni "isipokuwa." Maana yake barua hii ni siri, haionyeshwi kwa hakimu, isipokuwa likija suala la gharama. Sheria ya Uganda ya kesi za madai, kifungu cha 27, inasema gharama zinamfuata mshindi, yaani aliyeshindwa ndo anamlipia, labda hakimu awe na sababu nzuri ya kuamua vingine, na ndo sababu yenyewe hiyo, mtu alipewa 22 akakataa akaishia kupata 17.8, sasa kwa nini mwenzake alipie miaka mitatu ya kesi ambayo haikuhitajika? Akasema Uingereza wameiweka hadi kwenye kanuni zao tangu 1999, Part 36, wenyewe wanahesabu siku 21 hizo hizo, na kabla ya hapo ilitokana na mume na mke walioachana, Calderbank, 1975, mke alimpa mume nyumba ya karibu pauni elfu 12 waishe, mume akakataa, koti ikampa elfu 10. Mama aliposikia hiyo akasema, "Na huyo mwanamume alishauriwa na nani?" Hakuniangalia. Au aliniangalia.

Ikabidi sasa bili zipigwe hesabu kotini, wao wanaita taxation, mzee akauliza kwani URA, wale watu wa kodi, nao wameingia kwenye kesi? Tulicheka kwa mara ya mwisho siku hiyo. Kampuni ilitulipia gharama zetu za mpaka siku ya barua, zikakubaliwa milioni 2.1. Sisi tukawalipia zao kuanzia pale, milioni 5.4. Toa, jumlisha, ikabaki 14.5, na humo humo loya wetu anakula chake cha miaka mitatu, kwa haki kabisa, yeye alipiga simu. Mashine nyingine ya posho hatukununua. Tulinunua ng'ombe wawili, na simulizi ya ng'ombe hao ni ya siku nyingine.

Mzee hakuwahi kunilaumu. Ningependa angenilaumu, kelele mara moja tu tukamalizana. Badala yake mpaka anafariki kila karatasi ya Kiingereza ilipoingia nyumbani, hata ya umeme, alikuwa ananipa mimi nisome. Sijui kama ilikuwa ni kuniamini au ilikuwa ndo adhabu yenyewe, na kuna siku nafikiri kama risiti ile ingekuwa na jina lake labda tungeivuka ile 22 na mimi ningekuwa shujaa wa ukoo kwa tafsiri ile ile mbovu.

Bahasha nimeikata, imefunika daftari la SST, muhuri wa loya umeingia ndani hauonekani. Barua nimeirudisha sandukuni. Mtoto akauliza tena, without prejudice ni nini. Nikamwambia amuulize bibi yake, yuko jikoni anachambua maharage. Akaenda mbio, na nikasikia mama anacheka kule, anacheka muda mrefu, halafu akaniita kwa jina langu lote.