Sedani Ndogo ya Familia na Hesabu za Nairobi

Tarehe 11 Novemba 2024, kampuni ya Maruti Suzuki ilizindua nchini India kizazi cha nne cha Dzire, sedani ndogo ya milango minne ambayo bei yake ya kuanzia, kabla ya usajili na bima, ilitangazwa kuwa rupia 679,000. Kwa viwango vya ubadilishaji vya wakati huo, hiyo ilikuwa zaidi kidogo ya shilingi milioni moja za Kenya. Nilizifuatilia habari hizo kwa makini zaidi kuliko nilivyowahi kufuatilia uzinduzi wa gari lolote la kifahari, kwa sababu gari la aina hii ndilo ambalo familia nyingi za Nairobi zinalihitaji: lenye nafasi ya wazazi na watoto, lenye buti la kufungwa kwa ufunguo, lisilokula mafuta kupita kiasi, na ambalo mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kulifikiria likiwa jipya bila kuuza kipande cha shamba.

Nianze na mafuta, kwa kuwa ndiyo sifa iliyotangazwa kwa sauti kubwa zaidi. Injini mpya ya Dzire ina ujazo wa lita 1.2 na silinda tatu, wakati ile iliyotangulia ilikuwa na silinda nne. Silinda zikipungua, sehemu zinazosuguana ndani ya injini hupungua pia, na nguvu inayopotea katika msuguano huo hubaki kwa ajili ya kusukuma gari. Gharama yake ni mtikisiko unaosikika zaidi gari likiwa limesimama. Ukiongeza kwamba gari lenyewe lina uzito usiofika tani moja, unaelewa jinsi watengenezaji walivyofikia tarakimu waliyoitangaza, yaani kilomita 24.79 kwa lita kwa gari la gia za mkono, na kilomita 25.71 kwa lile ambalo gia zake hujibadilisha.

Tarakimu hizo zilipatikana maabara, gari likizungushwa juu ya magurudumu ya chuma kwa utaratibu maalumu wa India ambao mwendo wake wa juu kabisa ni kilomita 90 kwa saa. Katika maabara hiyo hakuna mzunguko wa barabara uliozibwa na matatu, hakuna matuta yasiyochorwa rangi, wala hakuna asubuhi ya mvua ambayo safari ya kutoka Embakasi hadi katikati ya jiji hugeuka kuwa saa mbili za kusonga hatua na kusimama. Gari linalosimama huku injini ikiunguruma linachoma mafuta bila kuongeza hata mita moja kwenye hesabu ya mwendo, na hapo ndipo matangazo ya kila mtengenezaji huanza kuachana na maisha yetu. Kwa maoni yangu, mnunuzi wa Nairobi anayeambiwa kilomita 25 kwa lita apange bajeti yake kwa kilomita 15 au 16, na kikipatikana zaidi ya hapo ashukuru.

Hata kwa makadirio hayo ya tahadhari, faida ni kubwa. Chukua familia inayoendesha kilomita 1,000 kwa mwezi, kiasi kisichokuwa kikubwa kwa watu wanaoishi Kitengela, Ruiru au Ngong na kufanya kazi mjini. Gari la zamani linalokwenda kilomita 10 kwa lita litahitaji lita 100. Linalokwenda kilomita 16 litahitaji lita 62 na nusu. Petroli ikiwa shilingi 180 kwa lita, tofauti hiyo ni shilingi 6,750 kila mwezi, fedha zinazoweza kulipa umeme na maji na bado zikabaki za mboga. Oktoba 2023, baada ya kodi ya VAT kwenye mafuta kupandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 mwaka huo, EPRA, mamlaka inayopanga bei za mafuta nchini, ilitangaza bei ya shilingi 217.36 kwa lita moja ya petroli hapa Nairobi. Tangu wakati huo sijakutana na mwenye gari ambaye haijui tarehe 14 ya mwezi, siku ambayo bei mpya hutangazwa.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hulitaja kwa nadra, nalo ni kimo cha jiji letu. Nairobi imekaa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kiasi cha asilimia 15 hivi. Injini isiyo na turbo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, huvuta hewa hiyo hiyo nyepesi, na kwa kuwa mafuta huchomwa kwa uwiano na hewa iliyopo, nguvu yake ya juu kabisa hupungua kwa kiwango kinachokaribiana na hicho. Injini ya Dzire iliyopimwa kuwa na kilowati 60 pwani itatoa kama kilowati 50 ikifika hapa, na itatoa chini ya hizo ikipanda Limuru, ambako barabara ya kwenda Nakuru hupita mita 2,200. Mtu akiwa peke yake ndani ya gari kwenye barabara ya Thika hatalihisi pengo hilo. Atalihisi Desemba, familia nzima ikiwa ndani, buti limejaa unga, sukari na zawadi za nyanya, na lori la mizigo mbele yake linalohitaji kupitwa kabla ya kona. Sisemi kwamba injini ndogo haitufai, kwa kuwa katika mwendo wa kawaida hewa nyepesi hata hupunguza ukinzani dhidi ya gari. Ninachosema ni kwamba jaribio la kuzunguka Westlands kwa dakika chache halimwonyeshi mnunuzi gari atakaloishi nalo.

Sasa nije kwenye umbo la gari lenyewe, sehemu ambayo imenifundisha mengi. Dzire ina urefu wa milimita 3,995. Zimebaki milimita 5 tu kufika mita 4, na hilo halikutokea kwa bahati. Tangu mwaka 2006, sheria za kodi za India zimeyapendelea magari yasiyozidi mita 4 yenye injini ya petroli isiyozidi lita 1.2. Dzire ya kwanza, iliyotoka 2008, ilizidi urefu huo. Ile ya 2012 ikakatwa nyuma ili iingie ndani ya mstari, ndiyo maana buti lake lilionekana kama lililosukumwa likarudi ndani. Wahandisi wamelirekebisha umbo hilo kizazi baada ya kizazi, na la sasa linapendeza na lina nafasi ya lita 382, lakini kipimo bado ni cha mtoza ushuru wa New Delhi.

Magari tunayoyaona kila siku barabarani hapa yana historia ya namna hiyo hiyo, isipokuwa sheria zake ni za Japani. Corolla Axio, ambayo imejaa kila eneo la kuegesha magari jijini, ina upana wa milimita 1,695 kwa sababu daraja la magari madogo la Japani linaishia milimita 1,700. Kodi ya kila mwaka ya huko hupanda kwa ngazi kulingana na ujazo wa injini, na mojawapo ya ngazi hizo iko kwenye sentimita za ujazo 1,500. Aidha, ukaguzi wa lazima wa Japani, ambao huanza gari likiwa na miaka 3 na kurudiwa kila baada ya miaka 2, huwafanya wenye magari wengi kuyaachia mapema yakiwa bado mazuri. Kenya inakataza kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8, na inatoza ushuru wa bidhaa wa chini zaidi kwa gari la petroli lisilozidi ujazo huo huo wa 1,500. Sheria za nchi mbili zimekutana, na katika makutano hayo ndipo familia ya tabaka la kati ya Nairobi inapopata gari lake.

Kwa hiyo sedani mpya ya bei nafuu ikizinduliwa hapa, mshindani wake halisi amekaa kwenye yadi za Ngong Road na Kiambu Road akiwa na umri wa miaka 7. Ule wepesi wa shilingi milioni moja nao haufiki Nairobi ukiwa mzima. Gari lililokamilika likishuka bandarini hulipiwa ushuru wa forodha. Kisha ushuru wa bidhaa hukokotolewa juu ya jumla ya bei na ushuru huo, VAT ya asilimia 16 ikaja juu ya hizo zote, na tozo za uagizaji na za reli zikafuata. Kodi inapotozwa juu ya kodi, bei hukaribia kuongezeka maradufu, na bado muuzaji hajalipa kodi ya nyumba wala mishahara. Gari lililotumika nalo hulipiwa kodi hizo, lakini thamani inayotozwa hupunguzwa kulingana na umri wake, na mnunuzi hupewa gari kubwa kidogo, lenye injini ya lita 1.5 na jina ambalo kila fundi analijua.

Njia ya kuupunguza mzigo huo tunayo, nayo ni kuunganisha magari hapa nchini, kwa kuwa vipande vinavyoletwa kwa ajili ya viwanda huingia bila ushuru wa forodha. Desemba 2016 Rais Uhuru Kenyatta alizindua uunganishaji wa Volkswagen Polo Vivo kule Thika. Baadaye Proton Saga ya Malaysia, sedani ya familia ambayo kizazi chake cha kwanza kilizinduliwa 1985 kama gari la taifa, iliunganishwa Mombasa katika kiwanda cha kuunganisha magari cha AVA. Nazipongeza juhudi hizo kwa moyo wote. Hata hivyo, kiwanda huhitaji idadi ili gharama zigawanyike, na idadi haipatikani iwapo mwalimu au muuguzi anayetaka gari jipya anapewa mkopo wa miaka michache wenye riba inayomla nusu ya mshahara. Ningependa kuona vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, ambavyo tayari vinawajua wanachama wake na mishahara yao, vikikaa meza moja na wauzaji hata kabla ya siku ya uzinduzi.

Wazo la kuwa na gari letu wenyewe si geni. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kibuni gari la Kenya, na mwaka 1990 gari la Nyayo Pioneer likaonyeshwa hadharani Kasarani. Magari ya mfano yaliyotengenezwa yalikuwa matano, nayo yaliweza kufikia kilomita 120 kwa saa. Fedha za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana. Nawaheshimu sana wahandisi wale, kwa kuwa walianza kazi wakiwa na barabara zetu na vilima vyetu mbele yao, jambo ambalo watengenezaji wachache sana wamelifanya kwa ajili yetu.

Kuhusu usalama sitaki kusema machache. Kwa miaka mingi unafuu wa bei katika magari madogo ulitafutwa kwa kuondoa mifuko ya hewa na kupunguza uimara wa bodi, na waliolipa ni abiria. Unafuu unaweza kutafutwa kwa akili nyingine: Dacia Logan, iliyozinduliwa 2004 kwa lengo la bei ya yuro 5,000, ilitumia kioo cha pembeni cha umbo moja kwa upande wa kushoto na wa kulia, na dashibodi ya kipande kimoja. Dzire mpya imekwenda mbele zaidi, kwani kila toleo lake nchini India lina mifuko sita ya hewa, na katika majaribio ya kugonga ya Global NCAP, shirika linalopima usalama wa magari, ilipata nyota 5 kwa ulinzi wa watu wazima na 4 kwa watoto. Muuzaji yeyote atakayeleta gari la namna hii Nairobi anapaswa kuonyesha kwa maandishi kwamba toleo letu lina mifuko ile ile, mikanda ile ile na chuma kile kile. Mtoto anayepelekwa shule Kasarani ana mwili ule ule wa mtoto wa Pune kule India.

Linabaki suala la vipuri. Nguvu ya Corolla hapa inatokana na Kirinyaga Road, ambako taa ya mbele, bampa au bushi za miguu ya gari hupatikana kabla ya saa sita mchana, mpya au iliyotumika, kwa bei inayojadiliwa. Gari jipya halina mtandao huo. Mmiliki wake hutegemea duka la muuzaji rasmi, na kipuri kikikosekana, gari hulala karakani huku mkopo ukiendelea kulipwa. Mashaka hayo ndiyo huishusha bei ya kuliuza tena, na ndiyo humrudisha mnunuzi mwangalifu kwa Axio aliyoizoea. Ndiyo maana, pamoja na picha nzuri na hotuba za siku ya uzinduzi, ningependa wageni wote wapewe karatasi moja yenye bei za vipuri ishirini vinavyoharibika zaidi katika barabara za Nairobi, muda wa juu kabisa wa kuvisubiri, na ahadi kwamba bei hizo hazitapanda kabla ya miaka mitatu kuisha. Muuzaji atakayetia saini karatasi hiyo atanikuta mlangoni kwake, na sitakuwa peke yangu kwenye foleni.