Nilivyochagua kitalu changu cha mule deer Colorado

Nilipopata kadi ya mafunzo ya uwindaji hapa Colorado, kila niliyemuuliza kuhusu mule deer, kulungu wakubwa wa magharibi mwa Marekani, alinipa ushauri uleule: kusanya pointi za kuombea kibali, vumilia, kisha uombe kitalu chenye jina. Wengine walinielekeza nje ya jimbo kabisa, Henry Mountains kule Utah au Arizona Strip kaskazini mwa Grand Canyon. Madume wakubwa kweli wapo huko, lakini vibali ni vichache mno na mtu asiye mkazi anaweza kuota mvi akisubiri droo. Nilikataa.

Kwa ndugu zangu wa Tanzania mliozoea kuona kitalu kikikodishwa kwa kampuni: huku kulungu wako chini ya jimbo, na mwananchi wa kawaida huomba kibali kwa bahati nasibu. Tangu 1999 vibali vyote vya kulungu Colorado vimewekewa idadi kwa kila kitalu. Ukikosa chaguo lako la kwanza unapewa pointi. Ukilipata, pointi zako zote zinakwisha. Ndiyo maana kuchagua vibaya kunauma.

Kilichonikera zaidi ni watu kuchagua kwa rekodi. Watakutajia dume aliyepigwa na mwindaji Doug Burris kule Dolores County mwaka 1972, alama 226 4/8 kwa vipimo vya pembe, rekodi ya dunia ya pembe zenye umbo la kawaida, halafu wakwambie nenda huko. Rekodi ile inaonyesha kwamba eneo lina malisho na ukoo mzuri. Haikwambii kama madume wenye umri wanaishi pale leo.

Na umri ndio kila kitu. Pembe za mule deer huanguka kila mwaka na kuota upya, na huwa kubwa zaidi dume akiwa na miaka 5 hadi 7 hivi. Basi nikahesabu kurudi nyuma: ni wapi watoto waliozaliwa miaka ile walivuka kipupwe salama? Kipupwe cha 2022–23 kiliua kulungu wengi sana kaskazini-magharibi mwa Colorado na magharibi mwa Wyoming, na theluji nzito ikiingia, watoto ndio huangamia zaidi. Kizazi kizima kikikatika, pengo lake linatembea na miaka. Nikavifuta vitalu vya upande ule, vikiwemo vile nilivyosifiwa kuliko vyote, nikageukia kusini-magharibi. Hapo nikafungua hesabu ambazo maofisa wa jimbo hufanya kwa helikopta baada ya msimu, nikatafuta penye madume 30 au zaidi kwa kila majike 100. Hesabu hizo ziko wazi kwa yeyote, na bado wawindaji wengi hawazisomi.

Vikabaki vitalu vichache. Nikampigia simu mtaalamu wa wanyamapori wa eneo. Ukimuuliza madume wakubwa wako wapi, jibu lake litakuwa la jumla tu, kwa sababu anaulizwa hivyo kila siku. Mimi nilimuuliza hivi: theluji ikichelewa, kulungu wa juu mlimani huteremka kabla ya msimu wa tatu kati ya misimu minne ya bunduki, au hubaki? Akanieleza kwa kirefu, mpaka mabonde wanayopitia. Nikaweka maelezo yake juu ya ramani ya umiliki wa ardhi, maana mabondeni wanakomalizia kipupwe mashamba mengi ni ya watu binafsi, na nikapata tandiko la mlima, yaani sehemu iliyobonyea kati ya vilele, ambalo liko kwenye ardhi ya umma na njia yao inalikata.

Msimu wa nne madume wanafuata majike bila woga, lakini vibali vyake vinakula pointi nyingi. Wa tatu, katikati ya Novemba, ulinitosha.

Dume wangu ana panda nne kila upande, na meno yamelika kama ya mzee. Hafiki alama 190 za kuingia kitabu cha Boone and Crockett, klabu inayotunza rekodi za pembe, na najivunia kila inchi yake. Ada ya mkazi ni ndogo. Fedha iliishia kwenye mafuta ya gari na darubini nzuri, na darubini usiifanyie ubahili. Kichwa nilikipeleka kupimwa ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu kabla hatujagusa nyama. Majibu yakaja salama. Namba ya kitalu siitaji, kwa sababu Aprili nakiomba tena.