Picha Imechanika

Juzi usiku binti yangu alinijia na simu yangu mkononi, uso ameukunja. "Baba, hii picha imechanika." Alikuwa akitafuta habari za twiga kwa ajili ya kazi ya shule, na pale alipopaswa kuwapo twiga palikuwa na kialama cha karatasi iliyochanwa kona, na pembeni yake maneno: twiga akila majani ya mgunga. Nikamwambia haijachanika, ipo mahali, ila simu haijaiona. Akanitazama kama namwongopea, akaenda kumuuliza mama yake.

Mimi nikabaki na mwaka 2002.

Mnaonijua mnajua mwaka ule nilikuwaje, sirudii. Nimemaliza kidato cha sita, matokeo yamekuja yalivyokuja, niko Tanga, Ngamiani kwa mama, barabara ya 12, kazi yangu kubwa ni kuamka. Kitabu nilikipata kwa mzee mmoja aliyekuwa akitandaza vitabu vya mtumba kwenye turubai jirani na soko. Cha Kiingereza, kinene kama tofali, cha kufundisha HTML, lugha ya kutengenezea kurasa za intaneti, kwa wasiojua kitu kabisa, na jalada lake liliapa kwamba wikiendi moja ingetosha. Tukabishana tukafika Sh 2,500. Ndani ya jalada la nyuma kulikuwa na mfuko wa plastiki wa kuwekea sidii. Mtupu.

Wikiendi yangu ilichukua miezi minne. Kompyuta sikuwa nayo, wala sikumjua mwenye nayo. Nilisoma usiku, nikaandika kodi, yale maagizo ya kompyuta, kwa kalamu kwenye kaunta buku, ukurasa baada ya ukurasa, na zile alama za ndogo kuliko na kubwa kuliko ambazo tangu niachane na hesabu nilidhani hatutaonana tena. Jumamosi nachukua kaunta buku na disketi, kile kisahani cha plastiki cha kuhifadhia mafaili, nakwenda intaneti kafe ya mjini, karibu na Bustani ya Jamhuri, nanunua nusu saa kwa Sh 500, nafungua Notepad, programu ya kuandikia, nanakili. Kijana wa pale kaunta aliwahi kuniuliza kama ile ni dawa ya kuandikiwa kombe.

Kitabu chenyewe kilikuwa kizuri, nikiseme haki. Kilinifundisha kwamba tegi, yaani agizo lililo kati ya alama hizo, ikifunguliwa ifungwe, na kwamba ukisahau kile kimstari cha mshazari cha kufungia herufi nene, ukurasa mzima unanenepa mpaka chini. Kilinipa rangi 216, sita mara sita mara sita, ambazo kompyuta za wakati ule zingezionyesha bila kuzipotosha, nami nikazibandika ukutani juu ya kitanda kama watu wanavyobandika wachezaji wa Simba. Kilinionya pia nisiiguse marquee, ile tegi ya kukimbiza maneno, kwa kuwa Internet Explorer, programu ya Microsoft ya kufungulia kurasa, ndiyo iliyokuja nayo na haimo kwenye kanuni za HTML. Niliitumia Jumamosi ileile. Halafu kulikuwa na vijisanduku vya kijivu pembezoni mwa kurasa, vimejaa maandishi madogo. Hivyo niliviruka. Nilidhani ni vya wale wanaopenda kusoma.

Bibi alifariki Machi. Mjomba yuko Muscat, mwaka wa nane hajarudi, na pasi yake anayo mwajiri. Alilia kwenye simu ya mama mdogo mpaka salio likakata. Hitma ikasomwa, arobaini ikapita, na kila akipiga anauliza jambo lilelile: picha yake ya karibuni mnayo? Tulikuwa nayo moja tu, ile ya barazani, na mama hakutaka kuitia kwenye bahasha. Ikipotea njiani je? Basi mimi, fundi wa kaunta buku, nikasema nitaiweka kwenye intaneti. Hakuna aliyeniuliza maana yake. Mama alisema tu nisiikunje.

Ikaskaniwa kwenye steshenari, ikaingia kwenye disketi na nafasi ikabaki tele. Nikafungua ukurasa Geocities, walikokuwa wakigawa megabaiti 15 bure kwa yeyote, nikapandisha faili la ukurasa, nikapandisha na picha. Juu kabisa "Innalillahi wa inna ilayhi rajiun" ikikimbia kutoka kulia kwenda kushoto, inatoka, inarudi, inatoka. Msiniulize. Chini yake jina la bibi kwa kijani, na chini ya jina mstari huu, ambao ninao mpaka leo kwenye kaunta buku kwa mwandiko wangu wa wino wa buluu:

<img src="A:\bibi.jpg" alt="Bibi amekaa barazani anasuka ukili">

Hilo alt, kitabu kilisema, ni la kueleza picha kwa asiyeiona. Nikafikiri wanawasemea vipofu, nikaandika kwa heshima.

Picha ilishuka polepole kutoka juu, kama mtu anayeteremsha pazia: kwanza mtandio, halafu paji la uso, halafu miwani, halafu mdomo ule wa kutaka kumwambia mpiga picha aache upuuzi, mwisho mikono na ukili umelala mapajani. Mtu wa kompyuta ya jirani aliacha barua zake akatazama. Nikaenda kumpigia mjomba kwa kadi, nikamtajia anwani herufi moja moja huku dakika zikiyeyuka, naye akiirudia kwa sauti ya mtu anayeandika kwenye kiganja.

Alipiga Ijumaa baada ya swala. Nikampa shikamoo, akaipokea haraka haraka.

"Nimemwona mama," akasema. "Kakaa barazani anasuka ukili." Halafu kimya kirefu, ambacho ndicho kilichokula salio. "Allah akujaalie, mwanangu. Umenifanyia jambo."

Nikatembea wiki nzima kama niliyepewa cheo.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kafe bila kazi. Nilitaka kuitazama tu. Nilikaa kompyuta ya tatu, ile yenye herufi E iliyofutika, nikachomeka disketi kwa mazoea, nikaandika anwani. Pazia likashuka, bibi akaja. Nilipobakiwa na dakika kama nne nikachomoa disketi nikaitia mfukoni. Pembeni yangu alikuwapo kijana aliyekuwa akisubiri zamu, akaniuliza ile picha ni ya nani, na mimi, kwa kutaka aione ikishuka tangu mwanzo, nikabonyeza kitufe cha kufungua upya.

Innalillahi ikapita. Jina likaja, la kijani. Kisha ile mashine ikanguruma, krrr, krrr, taa ndogo ya mlango wa disketi ikawaka, ikazimika, ikawaka. Na mahali pa bibi pakaja kisanduku cheupe chenye msalaba mwekundu kwenye kona, na pembeni yake: Bibi amekaa barazani anasuka ukili.

"Imeganda," kijana akasema.

Nikarudisha disketi, nikabonyeza. Krrr. Bibi akarudi. Nikachomoa, nikabonyeza. Krrr, krrr, msalaba. Nikarudisha tena. Nilifanya hivyo mara nne au tano, na kila mara ule mngurumo, na mngurumo ule niliusikia tangu siku ya kwanza nikadhani ndiyo sauti ya intaneti. Mikono ilianza kuwa baridi kabla kichwa hakijaelewa. A:\ ni mlango wa disketi wa kompyuta yoyote aliyokalia mtu. Picha kule Marekani kwa Geocities niliipandisha, ipo, hakuna anayeiita. Ukurasa ulikuwa ukimwambia kila aliyeufungua: kaitafute kwenye disketi yako. Na huko Muscat kompyuta ya kazini kwa mjomba ilikuwa imenguruma hivihivi, krrr, krrr, ikimtafuta mama yake kwenye mlango usio na kitu.

Muda ukaisha, skrini ikajifunga. Nikatoka nikaketi bustanini, naangalia meli, nikifungua kitabu ukurasa wa picha. Kijisanduku cha kijivu, pembeni kulia, mistari mitatu: weka picha pamoja na ukurasa, uandike jina lake tu, usiandike njia ya kompyuta yako. Aliyekuwa nacho kabla yangu alikuwa amekipigia mstari kwa penseli.

Kurekebisha kulinigharimu nusu saa nyingine, Sh 500 ya kukopa, na nilichofuta ni alama tatu: A, nukta mbili, na kimstari kinachoinamia nyuma. Nikaenda kumpigia.

"Mjomba, ingia tena. Nimeitengeneza vizuri zaidi."

"Nimeshamwona, mwanangu. Inatosha."

"Lakini mjomba, safari hii..."

"Inatosha."

Nilijua la kusema, sentensi moja tu, na sikuisema. Nilijiambia ni kwa ajili yake. Siku nyingine naona ilikuwa kwa ajili ya kile cheo. Chini ya ukurasa niliweka kihesabu cha wageni, na miezi iliyofuata kilipanda kwa zile mara nilizoingia mimi, basi.

Kama aliniongopea ili nisivunjike moyo, sijui. Kama aliyasoma yale maneno akadhani intaneti ndiyo hivyo ilivyo, sijui pia; mwaka ule hata mimi nisingeweza kumwapia kwamba sivyo. Nimetengeneza kurasa nyingi tangu hapo, za hoteli, za msikiti, moja ya mfugaji wa kuku aliyetaka kuku watembee juu ya skrini, na vijana ninaofanya nao kazi wananiona mzee msumbufu kwa sababu ya alt. Wanaandika "picha1". Nawarudishia. Wanadhani nimeisoma mahali. Ukurasa wa bibi haupo, Geocities yenyewe ilifungwa Oktoba 2009, na disketi ilishaota ukungu kabla ya hapo.

Mjomba alirudi 2006, mvi tupu, na masanduku mawili yaliyofungwa kamba. Alisalimia nyumba nzima, akaenda makaburini, akarudi, akaoga, akaletewa chai sebuleni. Ile picha mama alikuwa ameitia fremu, iko ukutani juu ya redio. Nilikuwa nimekaa naye peke yangu alipoinuka, akaisogelea, kikombe mkononi. Alisimama pale mpaka chai ikaacha kufuka.

"Kumbe mlimnunulia miwani," akasema.

"Ndiyo, mjomba. Mwaka 1999."

"Imempendeza."

Akarudi kuketi. Nikamuuliza kama nimwongezee chai, akasema niongeze, na sukari kidogo.