Uwanja wa vita wa Brunanburh uko Wirral

Mwaka 937 Æthelstan, mfalme wa Waingereza, aliwashinda Olaf wa Dublin, Constantine wa Waskoti na Owain wa Strathclyde pale Brunanburh. Pale wapi? Wapo wanaotaja Burnswark, Uskoti. Wengine wanang'ang'ania Yorkshire, maana mtawa wa karne ya 12 aliandika kwamba Olaf aliingilia mto Humber, pwani ya mashariki ya Uingereza.

Mimi naishi Birkenhead, kwenye rasi ya Wirral, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, na nasimama na Bromborough, mji wa hapa hapa Wirral. Shairi la kale linasema watu wa Olaf waliosalia walipanda merikebu wakarudi Dublin. Kutoka Humber wangezunguka kisiwa kizima, tena wakiwa majeruhi! Huku kwetu bahari ya Ireland iko mlangoni. Wenzetu wa kujitolea wameshaokota vyuma vingi vya kale karibu na Bebington, hapa Wirral. Natamani vipimwe vyote, bila haraka.