Majaribio ya mekapu yamenitoa machozi

Jamani, nimetoka saluni kujaribu mekapu ya harusi, na nikitokea hivi siku yenyewe bwana harusi atauliza mke wake yuko wapi.

Uso mweupe, shingo yangu ile ile ya maji ya kunde. Dada wa saluni alipimia faundesheni mgongoni mwa mkono, wakati rangi inapimwa kwenye taya, karibu na dirisha. Chini ya taa zao za duara nilipendeza kweli. Nimefika nje, mdogo wangu kanipiga picha kwa flashi, nikatoka kama nimepakwa unga wa muhogo! Poda zenye silika nyingi, na losheni za kukinga jua zenye zinki, hurudisha mwanga wa kamera. Kope za bandia nazo zikaanza kubanduka pembeni kabla sijapanda bajaji. Na harusi ni Machi, Dar, na joto lile.

Nywele ndiyo usiseme. Nilipeleka picha ya nywele zilizobanwa chini, kisogoni, nikarudishiwa mnara. Shela nitaibania wapi?

Shangazi ananiambia nivumilie, siku yenyewe itatoka vizuri. Weee! Nimemtumia dada picha za juani, nikamwambia kwa upole ninachotaka: rangi ifanane na shingo, nywele chini, kope fupi. Amekubali kurudia, ila nilipie nusu. Haya, malipo ya awali ameshayashika, nitampa nafasi hiyo moja. Huku nyuma wifi ananitafutia mwingine, Temeke.