Daftari la Korosho Lililonifundisha Python

Msimu wa korosho unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi wa Oktoba, mjomba wangu hulala kwa saa chache sana. Yeye ni karani wa chama cha msingi cha ushirika wilayani Tandahimba, mkoani Mtwara, na kazi yake ni kuandika kila mzigo unaopita kwenye mzani: namba ya mkulima, daraja la korosho, idadi ya magunia na kilo. Kwa kuwa korosho huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, mkulima hapokei fedha siku anayopima. Husubiri mnada, kisha malipo huingia benki kulingana na kilo zilizoandikwa. Tarakimu moja ikikosewa, mtu aliyepalilia na kupulizia dawa mwaka mzima hupunjwa jasho lake. Ndiyo maana aliponiambia, “Mpwa wangu, wewe umesomea kompyuta, njoo unisaidie daftari hili,” niliogopa.

Niliogopa kwa sababu cheti nilikuwa nacho lakini ujuzi sikuwa nao. Nilikuwa nimelipa ada katika kituo kimoja mjini, tukakaririshwa mahali vitufe vilipo, watu wanne kwenye mashine moja, wala hakuna siku tuliyopewa kazi iliyokuwa na jibu la kutafutwa. Kazi ya mjomba ilikuwa nayo.

Nilipakua LibreOffice, ambayo ni programu huria isiyolipiwa hata senti, nikaisakinisha kwenye kompyuta mpakato niliyoinunua ikiwa imekwishatumika, nikaanza kuingiza mizigo ya siku moja kwenye lahajedwali, yaani jedwali la kompyuta linalofanya hesabu. Jumla iliyotoka ilikuwa pungufu kuliko ile ya mjomba, naye alikuwa amejumlisha kwa kikokotoo mara mbili. Nilihangaika hadi usiku wa manane ndipo nikagundua kwamba katika baadhi ya visanduku nilikuwa nimeandika “84 kg” badala ya 84. Kompyuta ikikuta herufi ndani ya kisanduku huhesabu kwamba hayo ni maandishi, na fomula ya SUM, yaani ya kujumlisha, huyaruka maandishi kimya kimya bila kutoa onyo lolote. Dalili ilikuwa mbele ya macho yangu muda wote: namba hujipanga upande wa kulia wa kisanduku, na maandishi upande wa kushoto. Siku hizi nikifungua jedwali la mtu yeyote, jambo la kwanza ninalotazama ni upande huo.

Kosa la pili lilikuwa la majina. Mkulima mmoja aliandikwa Mohamedi asubuhi na Muhammad jioni, kwa hiyo jedwali likamgawa kuwa watu wawili. Tukakubaliana kwamba hesabu zote zifuate namba ya uanachama. Lakini nilipoandika 0047, kompyuta ikafuta sifuri za mbele na kubakiza 47. Ilinibidi nijifunze kuipa safu nzima muundo wa maandishi kabla ya kuingiza chochote, kwa maana namba ya uanachama haijumlishwi wala haigawanywi. Ni jina lililoandikwa kwa tarakimu.

Python, ambayo ni lugha ya kuandikia programu za kompyuta, niliifikia kwa njia hiyo hiyo. Nilichoka kukagua mamia ya mistari kwa macho, nikataka programu ifanye kazi hiyo. Chuo Kikuu cha Harvard cha Marekani kinatoa bure mtandaoni kozi ya Python inayofundishwa na David Malan, na tovuti ya freeCodeCamp, iliyoanzishwa mwaka 2014, ina mazoezi ya bure ambayo mtu huyafanya hatua kwa hatua. Lakini bure hiyo ina gharama yake huku kwetu, kwa sababu bando halitolewi bure. Kwa hiyo nilipanga siku za kupakua na siku za kusoma: video nilizipakua kwa ubora wa chini, maelezo rasmi ya Python yanapakuliwa yote kwa pamoja kutoka tovuti yake, na kwenye simu niliweka Pydroid 3, ambayo huendesha programu za Python bila intaneti. Mazoezi mengi niliyafanya kwa simu, nikiwa nimekaa chini ya mkorosho nyumbani kwa mjomba.

Kiingereza kilinisumbua, nami naamini kinawakatisha tamaa vijana wengi kuliko ugumu wa programu yenyewe. Kilichonisaidia ni kujua kwamba Python ikikwama, ujumbe wa kosa husomwa kuanzia chini: mstari wa mwisho hutaja aina ya kosa, na juu yake hutajwa namba ya mstari uliokorofisha. Niliyaandika maneno hayo ya makosa katika daftari dogo pamoja na maana zake kwa Kiswahili, na yanayojirudia si mengi.

Leo nina programu isiyozidi mistari arobaini. Husoma faili la CSV (maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato) lililotoka kwenye lahajedwali, hujumlisha kilo za kila mwanachama kwa kila daraja, kisha huorodhesha mistari yenye shaka: namba ya uanachama isiyokuwapo kwenye rejista, au kilo zisizoendana na idadi ya magunia. Namba za akaunti za benki hatuziweki humo, na faili hatulipandishi mtandaoni. Nakala yake hukaa kwenye diski ndogo iliyofungiwa kabatini.

Mjomba hajaacha kalamu, wala sijamshauri aiache. Jioni, mizigo ikiisha kupimwa, yeye husoma daftari kwa sauti nami nafuata kwenye skrini, mkulima mmoja baada ya mwingine, na tusipolingana kilo hatufungi ofisi.