Uwakabidhi watu waaminifu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno letu wiki hii ni 2 Timotheo 2:2: "Na mambo yale uliyoyasikia kwangu mbele ya mashahidi wengi, hayo uwakabidhi watu waaminifu watakaofaa kuwafundisha na wengine."

Humo mna vizazi vinne: Paulo, Timotheo, watu waaminifu, kisha hao wengine. Tena Timotheo hakuanzia kwa Paulo; sura ya kwanza inamtaja bibi yake Loisi na mama yake Eunike.

Mstari huu umenikumbusha mpiga piano Leon Fleisher, aliyezaliwa San Francisco, Marekani, mwaka 1928, mtoto wa mtengeneza kofia. Alianza piano akiwa na miaka 4, na kufikia miaka 8 alishapiga mbele ya watu. Hapa kwetu Tanga huyo kaiva: angepewa kinanda cha ibada ya pili, na kina mama wangempigia vigelegele. Lakini mpiga piano maarufu Artur Schnabel alipokubali kumfundisha, mwaka 1938, alitoa sharti: maonyesho basi, mtoto akae ajifunze. Schnabel mwenyewe alifundishwa na Leschetizky, Leschetizky akafundishwa na Czerny, na Czerny na Beethoven, yule mtunzi mkubwa wa muziki.

Sharti lile ndilo linalonigusa. Kwetu kijana akishajua kubonyeza biti na kufuatisha nyimbo mbili tatu, Jumapili yuko mbele. Simlaumu. Nawalaumu zaidi wanaojua kusoma nota na wamezikalia miaka yote, wakiogopa kupokonywa kiti. (Ndiyo, kwenye kwaya zetu wapo, tusidanganyane.)

Fleisher alirudi jukwaani kwa kishindo. Novemba 1944, akiwa na miaka 16, alipiga konseto ya kwanza ya piano ya mtunzi Brahms (yaani muziki wa piano na okestra) pamoja na okestra ya New York Philharmonic katika ukumbi wa Carnegie. Mwaka 1952 akashinda shindano la Malkia Elisabeth kule Brussels. Halafu, mwaka 1964, vidole viwili vya mkono wake wa kulia vikaanza kujikunja, na kwa miongo mitatu hivi hakuweza kupiga kwa mikono miwili kama zamani. Ila tangu 1959 alikuwa akifundisha pale Peabody, chuo cha muziki cha Baltimore, na hakuacha. Alichopokea kwa Schnabel kilikuwa kimeshahamia kwenye vidole vya wengine.

Paulo naye aliandika waraka huu akiwa na minyororo. Mistari saba tu baada ya neno letu anasema: "lakini neno la Mungu halifungwi."

Basi nina ombi kwa walimu wa kwaya, kuanzia Chumbageni hadi Makorora. Kinanda cha kanisa hukaa kimefunikwa kitambaa Jumatatu mpaka Ijumaa. Kila mmoja wenu achague mtoto mmoja, aongee na wazazi wake, na amfundishe nota kabla ya nyimbo. Mtoto huyo asipangiwe ibada yoyote mwaka huu.